Mtazame wa Chini

Rungwa si mahali pa kumuuzia mtu tiketi ya kuona simba. Mkazi wa kijiji hiki, kwenye barabara ndefu inayotoka Itigi kuelekea Chunya na Mbeya, anao simba wa bure ng'ambo ya mpaka wa pori la akiba, na wakivamia zizi usiku anaipata hasara nayo bure. Nchi inayounganisha Rungwa na Ruaha ni moja ya ngome kubwa za simba zilizobaki Afrika. Hata Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyotangazwa mwaka 1964, ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Rungwa. Sasa msimulie mtu aliyekulia huku kwamba Ulaya na Marekani watu walipanga foleni vizazi na vizazi kumtazama mnyama huyohuyo akipanda juu ya stuli kwa kuogopa mjeledi. Ataguna, kisha atauliza: hapo fundi ni nani, simba au mwenye mjeledi?

Katika sarakasi tuliyokua nayo sisi swali hilo halizuki, kwa sababu ni watu watupu. Kijana anapiga samasoti tatu mfululizo na kutua kwa miguu, mwingine anachupa kwenye pete nyembamba, wengine sita wanapandana mpaka wa mwisho anapunga mkono kutoka juu. Na chini kabisa yuko mmoja amekaza uso, hatabasamu wala hapungi mkono, kwa kuwa mikono yake ina kazi. Makofi yanapopigwa, macho ya watu yako juu. Mimi huyo wa chini ndiye ninayetaka kumwandika.

Tuanze na jambo ambalo wanasarakasi wenyewe huliona dogo: mtu mmoja kusimama mabegani mwa mwenzake. Wa chini anapanua miguu na kukunja magoti, paja linakuwa kidato. Wa juu hakanyagi katikati ya paja, maana hapo nyama inateleza na goti la mwenzake linaumia. Anakanyaga karibu kabisa na nyonga, mahali ambapo mfupa unapokea uzito. Wakati huo wameshashikana mikono, na wa juu anaielemea mikono ile kama nguzo, hainingʼinii. Mguu wa pili unakwenda begani moja kwa moja. Nao hautui ukingoni mwa bega, unaingia ndani mpaka uguse shingo. Wa kwanza unaufuata, na visigino vyote viwili vinabana kisogo. Hapo wa chini anaachia mkono mmoja, halafu wa pili, anashika mashavu ya miguu ya mwenzake chini kidogo ya goti, na anavuta kuelekea chini.

Huko kuvuta chini ndiko kunakomshangaza kila anayeanza kujifunza. Ungedhani abebaye asukume juu. Lakini akivuta chini miguu ya wa juu inaganda mabegani, na miili miwili inaanza kwenda kama mmoja. Kisha inafuata kanuni ngumu kuliko zote, ambayo inachukua miezi kuingia mwilini: wa juu asijitafutie mizani. Akihisi anaelekea mbele, damu yake itamwambia akunje kiuno na kupunga mikono. Akifanya hivyo wanakuwa wawili wanaosahihisha kosa moja, kila mtu kwa njia yake, na wote wanakwenda chini. Kazi ya wa juu ni kukaza tumbo, kutazama mbele na kutulia. Anayesahihisha ni wa chini, kwa hatua ndogondogo za kuufuata uzito unakoelekea, mpaka nyayo zake zirudi chini ya kichwa cha mwenzake. Hamwoni. Anamsoma kwa ngozi ya shingo na viganja.

Nenda Bagamoyo asubuhi mapema, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana, utakuta vijana wanafanya hivi mara kumi, mara ishirini, bila muziki na bila mtazamaji. Wanapanda, wanashuka. Kushuka nako kuna adabu yake: wa juu anapewa mikono kwanza, anaruka mbele, anatua kwa vidole vya miguu na kukunja magoti, na wa chini haondoki mpaka mwenzake atue. Nimewaona watazamaji wakichoka na kuondoka kabla vijana wenyewe hawajachoka. Mazoezi ya sarakasi hayana la kumsisimua mpita njia. Kinachorudiwa ni kilekile, na tofauti ya jana na leo ni ya upana wa kidole.

Kidole chenyewe ni habari nyingine. Mtu akisimama kwa mikono, tunadhani nguvu iko begani. Bega linafanya kazi, sikatai, lakini breki ziko vidoleni. Mwili ukitaka kumwagikia upande wa mgongo, ncha za vidole zinakandamiza ardhi na kuurudisha. Ukirudi mno upande wa pili, vidole vinalegea na uzito unahamia kwenye kitako cha kiganja. Hilo linaendelea muda wote, mara nyingi kwa dakika moja, hata pale unapoona mtu ametulia tuli. Macho yanang'ang'ania alama moja kati ya viganja. Mtazame mwanasarakasi mzuri mikono yake akiwa kichwa chini, utaona ngozi ya vidole inabadilika rangi, inapauka na kurudi, inapauka na kurudi. Kusimama kwake ni kuanguka kidogokidogo na kujizuia kila mara.

Wazungu walifika kwenye sarakasi ya namna hii kwa kuzunguka. Yao ilianza na farasi. Philip Astley, aliyekuwa askari wa wapanda farasi, alifungua uwanja wake London mwaka 1768, na duara la uwanja huo likaja kutulia kwenye kipenyo cha futi 42, kama mita 13, kwa sababu kwenye duara la upana huo farasi anayekimbia humsaidia mpandaji kusimama mgongoni pake bila kudondoka. Vipimo vya hema zima vilitokana na mnyama. Baadaye wakaongezwa tembo, simba na dubu. Jumbo, tembo aliyekamatwa akiwa mtoto kaskazini-mashariki mwa Afrika, alinunuliwa na Barnum wa Marekani mwaka 1882, na mwaka 1885 akagongwa na treni Kanada akiwa bado safarini na kazi ya sarakasi. Ilichukua karne nyingine kwa mambo kugeuka. Paris zilifunguliwa shule mwaka 1974 zilizopokea hata watoto wasiozaliwa kwenye familia za sarakasi. Quebec, Kanada, Guy Laliberté na wenzake wakaanzisha Cirque du Soleil mwaka 1984, bila wanyama. Ringling, kampuni kubwa ya Marekani, iliwastaafisha tembo wake mwaka 2016, ikafunga hema mwaka uliofuata, ikarudi mwaka 2023 ikiwa na watu tu. England ilipiga marufuku wanyama pori kwenye sarakasi za kusafiri mwaka 2020. Ufaransa ilipitisha sheria yake mwaka 2021, na katazo lenyewe litaanza kuuma mwaka 2028.

Sisi tulikuwa kwenye sarakasi isiyo na wanyama tangu mwaka 1969. Sitajifanya kwamba ni kwa uungwana. Hatukuwa na hela ya kulisha tembo hemani, na kwenye kuuza wanyama nje hatuna cha kujivunia. Twiga waliopandishwa ndege Kilimanjaro kwenda Qatar mwaka 2010 bado wanatajwa vijiweni. Wala si kweli kwamba hatujawahi kucheza na wanyama. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Manyoni na Itigi na ng'ombe wao wametoka kwenye utamaduni wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Katika kuvuta watu kila mbinu hutumika, na wapo wachezaji wanaoingia uwanjani na chatu shingoni, wapo na wa nungunungu. Ila ngoma hizo hazikuwa chimbuko la sarakasi yetu. Hii ilitoka China.

Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, na Zhou Enlai, Waziri Mkuu wa huko, akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo. Kutokana na urafiki ule watu wanakumbuka reli ya TAZARA na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Wachache wanakumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo vijana wapatao 20 wa Kitanzania walipelekwa China kusomea sarakasi, na waliporudi kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi mwaka 1969, kando ya kile cha ngoma kilichotangulia. China ilikuwa na sababu zake. Serikali mpya ya huko ilikuwa imeichukua sanaa ya wacheza njiani na sokoni, ikaifanya ya taifa, ikaona inasafiri nje bila kuhitaji mkalimani. Sisi nasi tulikuwa tunatafuta utamaduni wa taifa, na hapa pana jambo ambalo wasomi wa sanaa wamelisema kwa kejeli na mimi sioni ubaya wake: fani ya Kichina ikapanda jukwaani kama utamaduni wa Mtanzania, na ndani ya miaka kumi hakuna aliyeihoji tena.

Vikundi vya taifa vilivunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981. Leo ndicho TaSUBa. Hapo sarakasi ilifundishwa chini ya paa moja na zeze na ilimba za Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, jirani yetu, aliyefundisha chuoni hapo. Waliosambaza fani mikoani ni vikundi vya burudani, Muungano cha Norbert Chenga na baadaye TOT ya Kapteni John Komba. Onyesho lao lilikuwa la saa nyingi: ngoma, kichekesho, igizo, taarabu, na katikati yake sarakasi, watoto wakiwa wamesogea mbele mpaka wanafukuzwa. Hakukuwa na hema wala duara la mita 13. Uwanja wa mpira, ukumbi wa baa, sakafu ya hoteli ya watalii, popote palitosha, na duara lilichorwa na watazamaji wenyewe kwa miguu yao. Hilo liliibadili fani. Mchina anafundisha kwenye godoro nene, dari ndefu, mtoto akiwa na miaka sita au saba. Samaki mkunje angali mbichi. Vijana wetu wengi huanza wakiwa wamekwisha kukomaa mifupa, kwenye mchanga au kwenye tairi kuukuu lililofukiwa nusu, ambalo mtoto hulikimbilia na kulikanyaga ili limrushe. Ndiyo maana kwetu utaona samasoti nyingi, nguvu nyingi na minara ya watu, na utaona wachache wa kujikunja mpaka kichwa kitokee kati ya visigino. Sioni kama ni upungufu. Mnara wa watu uliojengwa na vijana waliokua mtaa mmoja una kitu ambacho godoro nene halikifundishi.

Pete, kwa mfano, zilikuja kutoka China, na zimekaa huku kana kwamba zilizaliwa hapa. Anayechupa anatanguliza mikono, kidevu kifuani, bega moja mbele ya jingine ili kifua kipungue upana, na upande wa pili anapokelewa na bega lake mwenyewe, anabiringika, anasimama. Pete ikiguswa inaanguka au inatikisika, na kila mtu anaona. Hakuna mwamuzi.

Ikaja zamu ya shule za watu binafsi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Winston Ruddle, mwanasarakasi mzaliwa wa Zimbabwe, alianza kufundisha vijana Dar es Salaam, na wengi wao wakaishia kwenye onyesho la Mother Africa lililozunguka Ulaya. Nairobi, mwaka 2001, ilianzishwa Sarakasi Trust, ambayo makao yake ni jumba lililokuwa sinema ya Shan pale Ngara. Shule ya Wuqiao, katika jimbo la Hebei, China, nayo imeendelea kupokea vijana wa Afrika, Watanzania wakiwamo. Unguja wana yao isiyo na mwalimu wala cheti: vijana wa makachu wanaochupa baharini kutoka ukuta wa Forodhani jioni, kila mmoja na mtindo wake. Hiyo si sarakasi kwa maana kamili, lakini ningekuwa mkufunzi ningeanzia hapo kutafuta wanafunzi.

Na wako Ramadhani Brothers. Fadhi Ramadhani na Ibrahim Jobu ni Watanzania ambao fani yao ni moja tu na wameichimba mpaka chini: kichwa kwa kichwa. Walionekana kwenye shindano la vipaji la Australia mwaka 2022, wakafika fainali ya lile la Marekani mwaka 2023. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Adrian Stoica na mbwa wake Hurricane. Nilicheka sana, sifichi. Wakati dunia inawatoa wanyama hemani, mbwa mmoja akabeba kombe la watu. Lakini Februari 2024, kwenye shindano la walioalikwa kurudi, Watanzania wale wawili wakashinda, na zawadi ilikuwa dola 250,000.

Kichwa kwa kichwa kinaeleweka vizuri Rungwa kuliko mjini, kwa kuwa huku bado wapo wanawake wanaobeba ndoo ya maji ya lita 20 bila kuishika. Wanajua kazi ya kata: kile kizingo cha kitambaa kinachoupa mzigo mahali pa kukaa na kuutandaza utosini. Wanasarakasi wengi wa fani hii nao huweka kata ndogo kati ya utosi na utosi. Mama anajua pia kwamba shingo haipindi, macho yanatazama mbali, na mwendo unatoka kiunoni kwenda chini, si mabegani. Mpaka hapo ni elimu moja. Tofauti ni kwamba ndoo haipumui. Wala haiogopi. Mwenye mtu kichwani ana mzigo unaovuta pumzi, na kila pumzi inahamisha kitovu cha uzito kidogo. Wakizoeana wanapumua pamoja bila kuambiana. Wa juu amepanua miguu hewani, na kupanua huko kunafanya mwinamo uje polepole, wa chini apate muda wa kuingia chini yake. Uzito wote wa binadamu mzima unapita kwenye pingili saba za shingo. Pingili zikiwa zimepangana wima, mfupa unabeba. Zikipinda kidogo, inabidi nyama ibebe, na nyama ya shingo haijaumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa mweke huyo wa chini kwenye ngazi. Hawezi kuinamisha kichwa atazame anapokanyaga, kwa hiyo anatafuta kidato kwa ncha ya kiatu, anakigusa, anahamisha uzito, anaunyanyua mwili wake na wa mwenzake kwa goti moja, anatulia. Kidato kinachofuata. Ukiirudia video yao kwenye simu, fanya jambo moja: funika sehemu ya juu ya kioo kwa kidole, umwangalie wa chini peke yake. Utaona mtu anayetembea kama aliyevaa miguu ya kuazima, kidevu kimeingia ndani kidogo, mdomo umefumbwa, na kwenye pembe ya taya msuli unaocheza. Tazama vifundo vya miguu. Kazi yote ya vichwa viwili inaishia pale.

Ninachowadai wenye maonyesho ni kidogo. Vikundi vingi vinavyokuja kwenye minada na mikutano vinapangwa juu ya changarawe au lami, bila mkeka wala godoro, na wa chini ndiye anayelipa: mgongo, magoti, shingo, akiwa bado kijana. Aliyewakodi ana hela ya spika na jenereta, basi ana hela ya godoro. Aliyewaalika awalipe kabla hawajapanda, na kama mgao si sawa, wa chini asipunjwe.

Kwa walimu wa michezo wa Itigi na Manyoni nina neno moja zaidi. Shule nyingi za msingi zina shimo la mchanga la kuruka chini, na hilo linatosha kuanzia. Chekecheni mchanga, toeni mawe na miiba. Watoto waanze kubiringika mbele na nyuma, wafuate kusimama kwa mikono wakiwa wameegemea ukuta, kisha wawili wawili, mzito chini na mwepesi juu, mwalimu akisimama mkono umeinuliwa mgongoni mwa wa juu. Kila mtoto apite pia zamu ya kuwa chini kwa mwenzake mwepesi, hata kama ni kupiga magoti tu. Kichwa kwa kichwa msiwafundishe, hata kama wamekiona kwenye simu na wanakililia. Shingo ya mtoto haijakomaa kwa kazi hiyo.